Dawati la jinsia na kesi za wazee Mombasa: huduma ikoje?

Anayetaka kuripoti mzee aliyepigwa au kutishwa hapa Mombasa ana njia mbili: kupiga 1195, simu ya bure usiku na mchana, au kwenda kituo cha polisi na kuulizia dawati la jinsia, yaani meza ya kesi za ukatili. Simu inafaa kwa ushauri na maelekezo. Kesi yenyewe haianzi bila OB, yaani kuandikwa kwenye kitabu cha matukio cha polisi, kwa hiyo kituoni lazima mfike.

Na OB ndiyo inayopwaya. Madawati yamezoea ubakaji na wake wanaopigwa. Mzee akija na jicho limevimba, mara nyingi huandikwa "ugomvi wa nyumbani" na basi. Umri haumo, wala mshukiwa ni nani wake. Ndiyo maana idadi ya visa ikipanda mimi sikimbilii kusema ukatili umezidi. Huenda ni uandishi uliobadilika. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa kisa 1 tu kati ya 24 vya ukatili dhidi ya wazee ndicho huripotiwa. Basi taja umri, uhusiano na aina ya ukatili, omba usomewe kilichoandikwa, na uondoke na namba ya OB pamoja na tarehe.

Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, haiuzwi. Polisi hujaza sehemu yao, daktari hujaza majeraha, naye huandika anachokiona siku hiyo. Uvimbe ukishashuka, kesi nayo imeshuka. Nguo zenye damu msizifue. Zikaushwe, zitiwe kwenye bahasha ya kaki, si nailoni, maana unyevu huozesha ushahidi. Mzee akibakwa, hospitali kwanza: dawa za kuzuia HIV huanzwa ndani ya saa 72.

Kesi za mzee kuitwa "mchawi", watu hungoja mpaka panga litoke. Hakuna haja. Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1925, kifungu cha 6, inafanya kumsingizia mtu uchawi, au kumtisha kwa hilo, kuwa kosa la kifungo hadi miaka 5. Hifadhini vijikaratasi vya vitisho na ujumbe wa simu, na kifungu mkitaje nyinyi wenyewe.

Kwa pesa, dawati ni dhaifu kabisa. Mtoto anayezichota zile shilingi 2,000 za mwezi za mzee za Inua Jamii, mpango wa serikali, mtaambiwa mkayamalize nyumbani. Nendeni mahakamani mkaombe amri ya ulinzi: sheria ya 2015 ya ukatili wa nyumbani inautambua ukatili wa kiuchumi, na mzee asiyejiweza anaweza kuombewa na mtu mwingine.