Google Scholar au MTMT: upime wapi athari ya mtafiti wa fedha wa Hungaria?

Google Scholar, injini ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma, na MTMT, hifadhidata ya taifa ya Hungaria ya machapisho ya kitaaluma, zote husomwa bure. Athari hapa hupimwa kwa nukuu, yaani mara ambazo kazi ya mtafiti imetajwa katika kazi nyingine. Google Scholar hukusanya yenyewe, hivyo hunasa hata rasimu za utafiti, ambazo katika taaluma ya fedha hunukuliwa miaka kabla ya makala kuchapishwa. Hapo inashinda. Udhaifu wake ni usafi: rasimu na makala yake huweza kuhesabiwa kama kazi mbili, na mwenye wasifu asipoziunganisha, nukuu hugawanyika. Majina ya Kihungaria nayo huanza na la ukoo, tena yana alama. Tafuta "Kovács" na "Kovacs".

MTMT hudai kazi ya mikono kuingiza na kuhakiki rekodi, kwa hiyo huweza kuchelewa. Lakini hutenganisha nukuu huru na zile ambazo mwandishi au mwenzake amejinukuu. Tofauti hiyo ni nzito: makala nne zenye nukuu 12, 9, 4 na 4 hutoa fahirisi h ya 4 (yaani makala 4 zenye angalau nukuu 4 kila moja); ondoa nukuu moja tu ya kujinukuu kwenye ya mwisho, inashuka hadi 3.

Kwa maombi ya cheo Budapest, tegemea MTMT. Ukitafuta msimamizi wa uzamivu ukiwa nje, anza na Google Scholar.