Kikombe au mizani? Tunapima chakula cha mbwa

Habari zenu wapendwa watazamaji, karibuni sana. Hapa mezani nina vitu viwili: kikombe cha plastiki cha kupimia chakula cha mbwa, na mizani ya jikoni ya kidijitali, hii hii ya kupimia unga wa keki. Swali mnaloniuliza kila mara ni mbwa ale kiasi gani kwa siku. Ukitaka jibu la uhakika, lazima upime kwa gramu, na leo nataka muone wenyewe.

Tazameni. Nachota kikombe, nakisawazisha juu kwa kisu, namimina kwenye bakuli. Mizani inasema gramu 98. Sasa nachota kama tunavyochota asubuhi tukiwa na haraka, punje zimejaa mpaka zinamwagika pembeni. Gramu 131! Kikombe ni kilekile. Ukimpa vikombe vitatu vya namna hiyo kwa siku, umezidisha karibu gramu 100 bila kujua. Na si mimi tu ninayeona hivyo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, waliwapa watu wenye mbwa vikombe wapime chakula kikavu. Wapo waliopunja kwa asilimia 48, wapo waliozidisha kwa asilimia 152.

Haya, twende kwenye hesabu. Kwanza uzito. Mbebe mbwa, panda naye kwenye mizani ya watu, kisha panda peke yako na utoe. Bosi, huyu aliyelala hapa chini, ana kilo 20. Fungua kikokotoo cha simu: 20 mara 20 mara 20, bonyeza kipeuo cha pili, bonyeza tena kipeuo cha pili. Inakuja 9.46. Zidisha kwa 70, unapata kama kilokalori 662 (kilokalori ni kipimo cha nguvu inayotoka kwenye chakula), nazo ni za mwili kujiendesha tu akiwa ametulia. Mbwa mzima aliyehasiwa, zidisha kwa 1.6. Ambaye hajahasiwa, 1.8. Mtoto wa chini ya miezi minne, zidisha kwa 3. Akivuka hapo, 2 mpaka akomae. Bosi amehasiwa, kwa hiyo anahitaji kama 1,060 kwa siku.

Sasa geuza mfuko wa chakula utafute kilokalori kwa kilo. Huu wangu umeandikwa 3,500, yaani 3.5 kwa kila gramu. Gawanya: gramu 303 kwa siku, nusu asubuhi, nusu jioni.

Jedwali la nyuma ya mfuko linasema mbwa wa kilo 20 ale gramu 280 hadi 350. Halidanganyi, lakini halijui kama mbwa wako anakimbia shambani kutwa au anashinda bandani akisubiri kufunguliwa usiku. Huyo wa bandani anzia chini.

Na ugali je? Najua wengi tunachanganya, ugali na dagaa jioni, punje asubuhi. Hakuna ubaya, ila uhesabu. Pima unga mkavu kabla haujaingia sufuriani, kwa sababu ugali ukishaiva umebeba maji na uzito wake haukuambii kitu. Unga wa mahindi una nguvu karibu sawa na punje hizi, gramu kwa gramu. Ukipika gramu 60 za unga, punguza gramu 60 za punje, na dagaa nao wana hesabu yao. Vitafunwa vya kumzawadia visizidi asilimia 10 ya kilokalori za siku.

Mizani yenyewe naipenda. Unaweka bakuli, unabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, unamimina. Inasoma gramu moja moja, na kwa mbwa mdogo hilo ni jambo kubwa: mbwa wa kilo 5 anahitaji gramu 107 tu za chakula hiki, kwa hiyo zile 33 za kikombe kilichojaa ni karibu theluthi ya mlo wake wa siku. Kasoro ninazoziona ni kwamba inajizima haraka ukisita kumimina, na maji yakiingia kwenye vitufe inaharibika. Kikombe usikitupe. Pima kiasi chako kwenye mizani mara moja, kimimine kikombeni, chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika, na anayebaki nyumbani achote mpaka hapo. Ukibadilisha chakula, pima upya.

Hesabu ni mahali pa kuanzia. Baada ya wiki mbili mpime tena na mpapase mbavu. Kunja ngumi: zikigongana na vidole kama vifundo hivi, amekonda, ongeza asilimia 10. Zikiwa kama mgongo wa mkono ulionyooshwa, yuko sawa. Ukilazimika kukandamiza ndipo uzipate, punguza asilimia 10, hata akikuangalia kwa macho ya huruma. Katika utafiti wa kampuni ya chakula cha mbwa ya Purina uliochapishwa 2002, mbwa wa aina ya Labrador waliolishwa robo pungufu kuliko ndugu zao waliishi karibu miaka miwili zaidi.

Mwenye mimba, anayenyonyesha au mgonjwa, hesabu hii haimhusu. Huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo apangiwe chakula chake.