Mita ya kupimia umeme ya shilingi 30,000 iliyonionyesha kwa nini gari haiwaki (miezi minne nayo)

Hii mita ninayo miezi minne sasa kwa hiyo naona naweza kuiongelea. Ni zile ndogo za njano, DT830, nilinunua Kisekka, soko la vipuri hapa Kampala, kwa shilingi 30,000, na nilienda kununua nikiwa na hasira kwa sababu nilikuwa nimetoka kulipa laki tatu na nusu za betri mpya. Fundi hakupima kitu, alisikia tu tak tak akasema betri imekufa. Ikafungwa mpya, gari ikawaka siku mbili, ya tatu saa kumi na moja alfajiri nimeshapakia mikate ya kupeleka Lugazi, nageuza ufunguo, tak. Yale yale, na taa za dashibodi zinawaka vizuri kabisa.

Basi jioni nikafungua boneti mwenyewe. Mita unaweka kwenye 20 upande wa DC (umeme wa betri), waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Ilisoma volti 12.6, yaani betri imejaa, ingekuwa 12.0 hapo ni kama imeisha. Lakini betri mbovu ikiwa imetulia inaweza kukuonyesha namba nzuri tu, lazima usome wakati staata (mota inayozungusha injini iwake) inavuta. Mama Zawadi akakaa kwenye usukani, gia P, hendibreki juu, nikamwambia washa, ikashuka mpaka 12.1 basi. Ingeenda chini ya 9.6 ningesema kweli betri haina nguvu, hii yangu imebaki juu, maana yake umeme upo ila haufiki kwenye staata, kuna mahali unakwama.

Hapa ndipo pesa yangu ilirudi. Ncha nyeusi nikaigandisha kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, mama Zawadi washa tena: 3.4! Hapo hata nusu volti ni nyingi, na mimi nilikuwa napoteza tatu na zaidi kwenye waya wa athi, ule wa hasi unaounganisha betri na injini, peke yake. Upande wa chanya mpaka kwenye staata ilisoma 0.2, hakuna shida. Nikatoa terminali ya hasi kwanza, nikafuata ule waya chini ya kibao cha betri mpaka unapofungwa kwenye gia boksi, kufungua boliti nakuta unga wa kijani na mweupe umejaa chini ya pete, kutu mpaka ndani. Ndiyo maana iliwaka zile siku mbili, fundi alipokuwa anabadilisha betri aliuvuta waya ukashika kidogo. Taa zenyewe zina athi yake kwenye bodi, hazikuguswa. Nikapiga msasa mpaka pakang'aa, nikakaza, nikarudisha. Mita 0.1 na gari ikawaka hapo hapo. Ikiwa inanguruma nikapima betri tena, 14.1, oltaneta (jenereta ya gari) inachaji.

Kitu kimoja kilinipotezea usiku mzima wa kwanza: ile sauti ya biip ya kupima waya. Nilipima waya wa athi ukalia vizuri nikasema mzima. Mita inapitisha umeme mdogo sana, hata nyuzi mbili tu za ndani ya waya zikigusana italia, staata inataka zaidi ya ampea 100. Waya mnene upime ukiwa na mzigo, yaani staata ikiwa inavuta.

Ubaya wake: waya ni fupi, kutoka betri mpaka staata hazifiki, na hazina vibanio, nilinunua vya mamba vya 5,000. Kioo hakina taa, usiku unashika simu mdomoni. Betri yake ya 9V ikichoka namba zinapanda, siku moja iliniambia gari ina volti 15 nikashtuka bure. Na tafadhali sana, usiiweke kwenye tundu la 10A halafu upige staata, itaungua mkononi mwako.

Kwa elfu 30 nimeridhika nayo kabisa. Ile betri ya zamani sikumwachia fundi, niliirudisha garini siku moja nikaipima wakati wa kuwasha, ikashuka 10.4 na injini ikawaka. Sasa hivi inawasha taa za banda la mikate.