Bakuli la "Wangari": miezi minne mezani kwangu

Nilipoligeuza na kuona jina limechomwa chini yake, sikuuliza bei kwanza. Nilimuuliza fundi mti ulitoka wapi. Bakuli la mbao linaloitwa kwa jina la Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa miti wa Kenya, lina swali la kujibu kabla halijapanda mezani kwa mtu. Huyu ni mama aliyeacha wosia kwamba asizikwe kwa jeneza la mbao. Alipofariki Septemba 2011, alitengenezewa jeneza la mianzi, magugu maji na mafunjo. Hata siku yake ya mwisho hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Fundi hakukasirika. Alisema ni mjakaranda uliong'olewa na mvua kando ya barabara hapa Nairobi, akawahi gogo kabla halijapasuliwa kuni. "Mti niliouangusha mwenyewe, mama, singethubutu kuuandika jina hilo." Akatoa simu akanionyesha picha: mti umelala, mizizi juu, matope bado yananing'inia. Nikalipa shilingi 3,500 bila kubishana.

Ni bakuli pana, kama inchi kumi na moja, jepesi kuliko unavyotarajia ukiliangalia. Mjakaranda una mbao nyeupe inayoelekea rangi ya samli, na ubavuni mwa hili langu pana duara la kahawia mahali tawi lilipokuwa limeota. Ndani limekerezwa kwa mashine na kupigwa msasa mpaka likawa laini kama ganda la yai. Nje fundi ameziacha alama za tezo makusudi, vijibonde vidogo vidogo, ukipitisha kidole unaweza kuvihesabu. Wageni wangu wote hulishika kabla ya kuchukua mandazi.

Sasa ubaya wake. Wiki ya tatu nilisikia mlio kama wa kijiti kikivunjika jikoni usiku. Asubuhi nikakuta ufa kwenye ukingo, mrefu kama kidole changu cha shahada. Iliniuma. Mbao mbichi hukauka kwanza upande wa nje. Nje hunywea huku ndani kungali na maji, na mahali penye udhaifu hupasuka. Wachongaji wengi hupenda kuuchonga mjakaranda ukiwa mbichi kwa sababu ni laini, na hapo ndipo mnunuzi huumia baadaye. Nililirudisha. Fundi aliligeuza mara moja tu akasema, "Hili niliharakisha." Alilifukia kwenye maranda ndani ya mfuko likauke polepole, kisha akaziba ufa kwa unga wa mbao hiyohiyo na gundi. Nililichukua baada ya wiki mbili, wala hakunitoza kitu. Kovu linaonekana ukilitafuta, lakini miezi mitatu sasa halijafunguka tena.

Kwa matumizi, mimi naweka maembe, mikate na mandazi. Kachumbari niliweka mara moja, nyanya ikaacha doa, sirudii. Usililoweke. Futa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kausha, na kila mwezi lipake nta ya nyuki. Kisu kisikaribie kabisa, mbao hii huchubuka upesi.

Lalamiko langu kubwa zaidi lilikuwa ile kadi iliyokuja nalo. Imeandikwa "mama wa miti", basi. Nafundisha biolojia sekondari, na wasichana wangu wanamjua Wangari wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004, wanamjua Wangari aliyetetea bustani ya Uhuru Park na msitu wa Karura visichukuliwe kujengwa, lakini ukiwauliza alisomea nini wanakuangalia tu. Alikuwa mtaalamu wa anatomia ya wanyama. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufika hapo, na baadaye akaongoza idara ya anatomia ya wanyama hapo chuoni.

Na miti yenyewe ilianzia kwenye sayansi. Miaka ya sabini mwanzoni alikuwa akienda vijijini kukusanya kupe, akichunguza ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe na kumaliza ng'ombe. Huko akaona mito imejaa udongo mwekundu, ng'ombe mbavu nje, vilima vimebaki uchi. Alikwenda kutafuta kupe, macho yake yaliyozoea kuchunguza yakamwonyesha kwamba tatizo la ng'ombe lilikuwa kubwa kuliko kupe. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, shirika la kupanda miti. Ukiliondoa hilo kwenye kadi, umemheshimu nusu.

Nilimweleza fundi haya yote nikiwa nimesimama kwenye maranda mpaka vifundoni. Alisikiliza, akauliza "anatomia" inaandikwaje, akaiandika kwa chaki ukutani. Kadi mpya nimeziona: "Prof. Wangari Maathai, mwanasayansi", na chini yake mstari kuhusu kupe.

Nimeshaagiza la pili, la dada yangu aliye Nakuru. Gogo lake limepakwa nta kwenye ncha zote mbili likauke polepole, na limeandikwa tarehe kwa chaki. Fundi anasema litakuwa tayari mwakani, na nimemwambia asilishike kabla ya hapo.