Pikapu ipi ununue ukiwa Dodoma: uimara, spea na ulaji wa mafuta

Anayetoa mahindi Kongwa kwenda soko la Kibaigwa na anayekwenda ofisini kwa pikapu akitokea Area C hawahitaji gari la aina moja. Hapa namwandikia wa kwanza: mkulima, mfanyabiashara, mkandarasi mdogo, mtu anayeacha lami na kuingia vumbi la Bahi au makorongo ya mchanga ya Mpwapwa. Gari lake likilala gereji siku tatu, mzigo nao unalala. Kwa huyo nimepanga kwa spea kwanza, mafuta pili, jina la gari mwisho kabisa.

Namba moja ni Toyota Hilux ya dizeli, injini ya lita 2.5 au 2.4. Ikitunzwa na isipopakiwa kupita kiasi, inakwenda takriban kilomita 10 kwa lita. Spea zake nyingi unazipata Dodoma mjini bila kusubiri basi litoke Dar, na fundi wa Kondoa anaifungua kwa mazoea. Ya petroli 2.7 iache kama kazi yako ni mzigo, mafuta yatakumaliza.

Ila kwenye Hilux ndipo watu wanapopigwa. Dalali akikwambia "hii ya 2010, imetoka Japani moja kwa moja," mwombe karatasi. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004, ikairudisha 2017. Zile za miaka ya katikati asili yake ni kwingine: Thailand, Uingereza, Afrika Kusini ambako zinaundwa Durban. Ya Uingereza lala chini yake uikague, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani kule wakati wa barafu hula chesisi. Gonga kwa bisibisi nyuma, karibu na springi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinabonyea.

Halafu nozeli, zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini. Kwenye Hilux zenye injini za dizeli za D-4D, 2.5 na 3.0, washa (pete nyembamba) za shaba zilizo chini ya nozeli zikichoka, gesi ya mwako inapenya hadi kwenye oili, masizi yanaganda na kuziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini. Taa ya oili ikiwaka, mara nyingi injini imeshaumia. Kwa hiyo nenda asubuhi kabla muuzaji hajawasha gari. Shika injini, iwe ya baridi. Ikiwashwa, iache iungurume bila kukanyaga mafuta, fungua kifuniko cha oili: ikipumua moshi kwa nguvu, ondoka.

Namba mbili ni Isuzu D-Max, 2.5 au 3.0. Kwa mafuta peke yake ningeiweka juu ya Hilux, na injini zake nyingi zinatumia taimingi cheni, inayopanga mwendo wa valvu na pistoni, si mkanda wa kubadilisha kila mara. Inaunganishwa Nairobi, ni jirani yetu kabisa. Kinachoishusha ni spea za bodi na sensa, ambazo mara nyingine lazima ziagizwe Dar. Aliye mjini anaweza kuichukua bila wasiwasi.

Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, 4.2 isiyo na turbo, ndiyo imara kuliko zote hapa. Naiweka ya tatu kwa sababu ya kiu yake. Chukulia kilomita 2,000 kwa mwezi: kwa kilomita 10 kwa lita unatumia lita 200, kwa kilomita 7 zinafika karibu 286. Zidisha hizo 86 kwa bei kikomo ya dizeli ambayo EWURA, mdhibiti wa nishati, huitangaza kila mwezi, ndipo uamue. Kama njia yako ni korongo masika yote, inunue. Kama ni lami ya Dodoma hadi Babati, unachoma pesa.

Mitsubishi L200 ya 2.5 ni ya nne, ya mtu mwenye bajeti ndogo. Ina mkanda wa taimingi: usipoonyeshwa risiti ya kuubadilisha, ubadilishe kabla ya safari ya kwanza. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni.

Ford Ranger ya 2.2 na 3.2, iliyoundwa Silverton, Pretoria, ina nguvu na imetulia barabarani, lakini inataka fundi anayeijua. Oili ikimwagwa na kuachwa muda mrefu bila kujazwa, pampu inaweza kupoteza mvuto na injini ikawaka kavu. Fundi wa kumwaga oili kisha akaenda kula hafai kwa gari hili.

Pikapu kubwa za Kimarekani zenye usukani kushoto siziweki kwenye orodha. Kuovateki lori usiku kutoka upande huo ni hatari.

Yoyote utakayochukua, jua uzito wake. Nyingi zinabeba kama tani moja, yaani gunia kumi za kilo 100, na gunia kumi za lumbesa zimeshapita hapo. Chujio la hewa nalo, kwa vumbi la Dodoma la kuanzia Julai hadi mvua za Desemba, likung'ute kila wiki na usingoje kilomita za kwenye kitabu.