Guide to PHARMACOLOGY: kanzidata ya dawa ambayo kila namba yake ina asili

Kwa mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akipima jinsi dawa zinavyoshikamana na vipokezi vya seli, yaani protini zinazopokea ujumbe wa kemikali, swali linalorudi kila wiki ni lilelile: dawa hii inashika wapi, kwa nguvu kiasi gani, na nani aliyepima? Nilipoanza kazi ya maabara, jibu lilipatikana kwa kupekua majarida maktabani, kunakili namba kwenye kadi, na kuwaandikia barua watafiti wa mbali kuwaomba nakala za makala zao. Siku hizi huanza na IUPHAR/BPS Guide to PHARMACOLOGY, kanzidata iliyo wazi kwenye intaneti bila malipo na bila kujisajili. Nimeitumia katika utafiti na katika kufundisha kwa muda wa kutosha kuitolea maoni, na ninawaandikia hasa wanafunzi wa famasia, tiba na baiolojia ambao huelekezwa kuitumia bila kuelezwa ina nini na haina nini.

Huduma hii ni kazi ya pamoja ya IUPHAR, yaani umoja wa kimataifa wa wataalamu wa famakolojia (elimu ya jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini), na chama cha wanafamakolojia cha Uingereza kinachojulikana kwa kifupi BPS. Wahariri wanaoijaza na kuisahihisha wako Chuo Kikuu cha Edinburgh, na kwa mtu wa fani hii jina la mji huo lina uzito wake. Mwanafamakolojia A. J. Clark alihamia huko mwaka 1926, akaendelea kutetea hoja yake kwamba kazi ya dawa mwilini inaweza kuhesabiwa kwa kanuni zilezile zinazotawala mabadiliko ya kikemia, na mwaka 1956 mwanafamakolojia mwingine, R. P. Stephenson, akiwa huko huko, alieleza kwamba dawa mbili zinaweza kukishika kipokezi kimoja sawasawa na bado zikatofautiana kabisa katika uwezo wa kukiamsha. Tofauti hiyo ya kushika na kuamsha ndiyo inayoonekana leo katika kila jedwali la kanzidata hii, ambamo kila molekuli imetajwa kama inakichochea kipokezi kikamilifu, inakichochea nusunusu, au inakiziba.

Nyuma ya wahariri hao ipo kamati ya IUPHAR iliyoundwa mwaka 1987 ili kusawazisha majina ya vipokezi. Asiyewahi kusoma makala za miaka ya 1980 anaweza kuiona kazi hiyo kuwa ya kikarani tu. Wakati huo maabara mbili ziliweza kuzungumzia kipokezi kimoja kwa majina mawili, au vipokezi viwili kwa jina moja, na msomaji akabaki njia panda. Kipokezi cha serotonini (kemikali ya kupitisha ujumbe kati ya neva, ambayo kifupi chake ni 5-HT) kilichokuwa kikiitwa 5-HT1C, kwa mfano, kilipochunguzwa vizuri kilionekana kuwa ni cha ukoo mwingine, kikapewa jina la 5-HT2C. Kanzidata huweka majina ya zamani pamoja na jina lililokubaliwa, hivyo makala ya miaka 40 iliyopita bado inasomeka.

Ukurasa wa kipokezi hukupa jina rasmi, ukoo wake, jeni yake kwa binadamu na kwa panya, kemikali ya mwili inayokiamsha, kisha majedwali ya dawa na molekuli za utafiti. Hapo ndipo thamani yote ilipo, na hapo ndipo wanafunzi wangu hukosea mara nyingi. Nguvu ya kushika huandikwa kwa kipimo cha logi: 9 ina maana kwamba nusu ya vipokezi hushikwa dawa ikiwa na ukolezi wa nanomola 1, 8 ni nanomola 10, na 6 ni mikromola 1. Anayeona 8.5 na 6.5 hudhani dawa hizo zinakaribiana, kumbe moja inamzidi mwenzake mara 100. Kando ya kila namba kuna aina ya kipimo kilichofanywa, kiumbe ambacho kipokezi chake kilitumika, na makala ilikotoka. Habari ya kiumbe si ya kupamba ukurasa. Thioperamidi, molekuli ya utafiti, hukishika kipokezi cha H3 cha histamini (kemikali ya mwili inayohusika na mzio na asidi ya tumbo) cha panya kwa nguvu zaidi kuliko cha binadamu, na anayechukua namba ya panya akaipeleka kwa mgonjwa bila kutazama safu hiyo amejidanganya tangu mwanzo.

Niliwahi kupoteza miezi kadhaa kwa kosa la jamii hiyo. Nilitumia molekuli niliyoamini kwamba huziba kipokezi kimoja tu, kwa kuwa orodha iliyokuwa ikizunguka katika maabara yetu ilisema hivyo, bila kutaja nani alipima wala katika tishu gani. Matokeo yangu hayakupatana, nikayarudia, yakakataa tena, mpaka mwenzangu mmoja alipochimbua makala ya asili na kunionyesha kwamba kwa kiasi nilichokuwa nikitumia molekuli ile ilikuwa inashika vipokezi viwili vingine. Tangu hapo siiamini namba isiyo na asili, na ninakiri kwamba sehemu kubwa ya upendo wangu kwa kanzidata hii inatokana na tukio hilo.

Mfano ninaoupenda zaidi wa kufundishia ni kazi ya James Black, mtafiti wa dawa Mskoti aliyezaliwa mwaka 1924. Mwanafamakolojia Mmarekani Raymond Ahlquist alikuwa amependekeza mwaka 1948 kwamba adrenalini hufanya kazi kupitia vipokezi vya aina mbili, alfa na beta, na kwa miaka kadhaa ni wachache waliolijali pendekezo hilo. Black alilichukulia kwa dhati. Alitaka dawa itakayoziba beta ili moyo wenye mishipa iliyobana upunguziwe kazi, badala ya kulazimishwa kupokea damu zaidi. Dawa ya kwanza kufika kwa wagonjwa, pronethaloli, iliachwa baada ya kuonekana inaleta uvimbe wa saratani kwa panya, ikafuatwa na propranololi mwaka 1964. Ukifungua ukurasa wa propranololi utaona kwa namba kwa nini dawa hii haipewi mtu mwenye pumu: inashika beta 1 ya moyo na pia beta 2 inayosaidia mirija ya hewa kubaki wazi. Utaona vilevile kwamba inagusa baadhi ya vipokezi vya serotonini, jambo ambalo vitabu vingi vya darasani hulipita.

Kisha Black akageukia tumbo. Dawa za kuzuia histamini zilizokuwepo zilizuia mafua na mwasho lakini hazikuzuia tumbo kutoa asidi, na kutokana na hilo alikisia kwamba kuna kipokezi kingine. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitangaza burimamidi, wakathibitisha kipokezi cha H2. Burimamidi haikufyonzwa vizuri ikimezwa. Metiamidi iliyofuata ilishusha chembe nyeupe za damu kwa wagonjwa wachache, ikaachwa. Na simetidini, ambayo kipande cha molekuli kilichoshukiwa kiliondolewa, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1976 na kubadili kabisa matibabu ya vidonda vya tumbo, ambavyo kabla ya hapo viliwapeleka watu wengi kwenye upasuaji. Mwaka 1988 Black alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Gertrude Elion na George Hitchings.

Mimi nilifundishwa burimamidi kama dawa ya H2, basi. Lakini mwaka 1983 watafiti walieleza kipokezi cha tatu cha histamini, H3, ambacho katika ubongo hudhibiti utolewaji wa histamini yenyewe, na ikaonekana kwamba burimamidi hukishika hicho takriban mara 100 zaidi ya inavyoshika H2. Molekuli iliyotumiwa kuthibitisha kipokezi kimoja ilikuwa, muda wote huo, rafiki wa karibu zaidi wa kipokezi kingine ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria. Kitabu huhifadhi dawa chini ya kichwa kimoja cha habari. Kanzidata hii huiweka kila mahali ilikopimwa, na mwanafunzi hujionea kwamba sifa ya kuchagua kipokezi kimoja ni hali ya ujuzi wa siku hiyo, inayoweza kubadilika.

Sehemu ya malaria, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Medicines for Malaria Venture, shirika linaloendeleza dawa za malaria, nimeitumia kidogo zaidi. Imepangwa pia kwa hatua za maisha ya kimelea, ambao ni mpangilio wa busara, na dawa zenye protini inayojulikana, kama pirimethamini inayozuia kimeng'enya cha kimelea cha kushughulikia folati, zinaeleweka haraka. Hata hivyo muundo wote wa huduma umejengwa juu ya protini lengwa. Dawa kama klorokwini, ambayo humzuia kimelea asiigeuze heme, sumu inayobaki anapomeng'enya damu, kuwa fuwele zisizomdhuru, haikai kwa raha ndani ya muundo huo.

Kuna mipaka mingine ya kuifahamu. Hii si huduma ya kuandikia dawa: hakuna dozi ya kumpa mgonjwa humo, na muuguzi au mfamasia aliye kazini atafute mwongozo wa matibabu. Pia haikusanyi kila kitu. Ina protini lengwa zipatazo 3,000 na molekuli zaidi ya 10,000 zilizochaguliwa na wataalamu, wakati ChEMBL, kanzidata nyingine ya wazi ya kemikali, ina michanganyiko zaidi ya milioni 2. Anayechuja molekuli kwa kompyuta ataiona ndogo. Anayetaka kujua ni molekuli ipi ya kuaminiwa katika jaribio la kesho asubuhi atashukuru kwamba kuna mtu aliyemchagulia. Kinachonisikitisha kwa kweli ni lugha. Maelezo yote ni ya Kiingereza kizito cha kitaalamu, na wanafunzi wanaoelewa dhana vizuri hukwama kwenye maneno.

Data zote zinaweza kupakuliwa katika majedwali, na leseni yake inaruhusu kuzitumia tena kwa kutaja chanzo na kwa kuzigawa kwa masharti yaleyale. Muhtasari wake huchapishwa pia kila baada ya miaka miwili katika British Journal of Pharmacology, nao unafaa kunukuliwa katika tasnifu. Anayeanza namshauri afungue kwanza ukoo wa vipokezi vya histamini, apitie H1 hadi H4, kisha afuate kiungo cha namba moja tu hadi kwenye makala iliyoizaa na kuisoma yote, pamoja na sehemu ya mbinu.