Igizo la Africville, mi nilienda kumsindikiza mtu tu

Wale wa Halifax, Kanada, lile igizo la Africville likirudi stejini msilikose. Mi nilienda kumsindikiza rafiki yangu tu, nina miaka mitano mji huu na daraja la MacKay ndo njia yangu ya kazini, kumbe pale kando palikuwa na mtaa mzima wa watu weusi toka 1848, wana kanisa lao, shule, posta, kodi ya jiji wanalipa na maji ya bomba hawaletewi ng'o.

Kuna mama anachota maji kisimani, pembeni kibao cha jiji kinasema chemsha kwanza ndo unywe au upikie. Anakisoma kwa sauti, taratiiibu, halafu anakitundikia gauni lake likauke. Ukumbi mzima mbavu hatuna.

Ila kicheko kiliishia hapo, maana jiji likaja kuwawekea dampo jirani miaka ya 50, likageuka tena kusema hawa wanaishi pachafu wahamishwe! Na malori yaliyobeba vyombo vyao ni yale yale ya taka ya jiji. Mi nishawahi kuhama Mwananyamala kwa guta nikajiona nimedhalilika, sembuse lori la taka. Stejini lori hawana, wanazima taa unasikia muungurumo tu na breki, taa zikiwaka yule mama kakaa juu ya godoro, sufuria mapajani, kofia ya kanisani kichwani. Haongei. Bibi mmoja siti ya mbele yangu akawa anatikisa kichwa tu mpaka mjukuu wake akamshika mkono. Kanisa nalo lilibomolewa usiku, 1967, na hiyo sehemu wameifanya gizani kabisa, nyimbo zinakatika katikati.

Kasoro zipo. Yule aliyecheza ofisa wa jiji kazidisha mbwembwe kama kikaragosi, na dakika ishirini za mwisho ni kusomewa tarehe, mara jiji limeomba radhi 2010, mara wasio na hati za ardhi walipewa dola 500, mambo mazito lakini yamesomwa kama risala ya mgeni rasmi. Wangemwachia yule mama ayaseme. Na Kiingereza chao cha zamani kile, mwanzoni niliambulia nusu.

Ukumbi mdogo, joto balaa, vueni makoti mapema. Halafu msikae upande wa kulia kuna nguzo, mi nusu ya kanisa sikuiona.